Kijitabu cha tafakari za Dominika Mwaka A na odio zake za WhatsApp: nimetumia toka Majilio mpaka Pentekoste, haya ndo maoni yangu

Tumsifu Yesu Kristo. Kuna watu wawili watatu niliwaahidi kwamba nikifika Pentekoste na hiki kijitabu ntasema ukweli wangu, sasa Pentekoste imepita tarehe 24 Mei, kava limeshabanduka, nadhani nimefika pa kusema.

Kwanza mjue anayeongea ni nani. Mimi ni fundi cherehani, niko Morogoro, na ni katibu wa jumuiya ndogo ndogo, yaani kikundi cha majirani Wakatoliki tunaosali pamoja. Kwenye jumuiya yetu katibu ndo anaandika michango, ndo anapiga simu, na ndo anaangaliwa na kila mtu Jumamosi saa kumi na mbili na nusu asubuhi pale Injili ikishasomwa na kimya kinaanza kuwa kirefu mpaka unasikia jogoo wa jirani. Mwenyekiti wetu ni mtu wa Mungu kweli ila ukimwomba ashirikishe neno anasema "katibu ameshasema yote" hata kama katibu hajafungua mdomo. Kwa hiyo kwangu mimi tafakari sio kitu cha kusoma na chai ya jioni nikiwa na nafasi, ni kifaa cha kazi kama mkasi, ukiwa butu naona siku hiyohiyo.

Nilikinunua kwenye duka la parokia Novemba mwaka jana, shilingi 6,000, kabla ya Dominika (Jumapili) ya kwanza ya Majilio, kile kipindi cha kungojea Noeli, ambayo ilikuwa tarehe 30. Wachapaji siwataji kwa sababu nina malalamiko nao na sitaki kesi. Ukinunua unaacha namba ya simu wanakuunga kwenye grupu, kila Ijumaa jioni padri anatuma odio ya Dominika inayokuja. Kila Dominika ina peji mbili, kushoto wameorodhesha masomo na maelezo mafupi ya nani aliandika na kwa nini, kulia kuna tafakari yenyewe, swali moja la jumuiya na sala fupi. Masomo yenyewe hayajaandikwa, inabidi uwe na Biblia au misale (kitabu cha misa) pembeni, wapo waliolalamika ila mi naona poa tu, mtu akifungua Biblia yake kwa mkono wake kuna kitu anapata.

Kichwa cha kijitabu ni matumaini, kwa sababu kilitoka wakati Jubilei ya 2025 bado haijafungwa, ile ya Mahujaji wa Matumaini. Mnakumbuka Papa Fransisko alifungua Mlango Mtakatifu tarehe 24 Desemba 2024, akafariki Jumatatu ya Pasaka 21 Aprili 2025, akaja kuufunga Papa Leo XIV tarehe 6 Januari mwaka huu. Papa mmoja kufungua na mwingine kufunga, mara ya mwisho ilitokea mwaka 1700. Hilo nimelijua humo kijitabuni, kwenye utangulizi, na utangulizi ndo sehemu ambayo watu wa jumuiya yangu hawakuisoma kabisa.

Sasa niseme kitu kimoja kilichonifanya nikikague hiki kijitabu kwa jicho la kufokafoka. Nina mdogo wangu wa kiume anakaa kwangu. Alimaliza ualimu 2019. Masomo ya sayansi, sio kwamba alisoma kitu cha ajabu. Ameomba kila ajira zilipotangazwa, amefanya usaili, ameenda kujitolea shule mbili za kata bila mshahara, na saa hizi ananisaidia kukata vitambaa na kupeleka nguo kwa wateja. Kanisani aliacha kwenda kimyakimya, hakugombana na mtu. Siku moja nikamwambia Mungu hachelewi, akaniangalia akasema, "Dada, hiyo sentensi mnaigawa kama vipeperushi vya waganga." Nilikasirika lakini nilivyokaa kwenye cherehani nikaona ana pointi. Maana tafakari nyingi tunazosikia, za redioni, za kwenye simu, za kwetu wenyewe jumuiyani, zina mwendo ule ule mmoja, mtu anateseka, Mungu anatokea, ndugu yangu usikate tamaa, amina. Mtu hajamaliza hata kusema kinachomuuma ameshapewa matumaini kama vile unavyompa mtoto pipi anyamaze.

Kwa hiyo kipimo changu kilikuwa hicho hicho. Je hiki kijitabu kinakimbilia pipi au kinakaa na mtu?

Dominika ya kwanza kikafeli. Tena vibaya. Tafakari inaanza kwa kuongelea usiku mrefu wa majira ya baridi na mishumaa dirishani na watu wanangoja jua lirudi, jamani mimi natafakari hayo Morogoro mwishoni mwa Novemba shuka nimelitupa chini feni linazunguka hewa ya moto. Ni wazi mtu alichukua tafakari ya Ulaya akaitafsiri akasahau kuvua koti. Nikasema elfu sita yangu imeondoka.

Ila Dominika ya tatu, tarehe 14 Desemba, ile padri anavaa rangi ya waridi, wakanirudisha. Somo la pili siku hiyo ni Yakobo, mkulima anayengoja mvua ya kwanza na ya mwisho, na hapo angalau hawakuongelea theluji, waliongelea vuli na masika, mtu amepanda vuli ikakatika katikati, mahindi yamefika magotini yamekauka, na bado anatafuta mbegu ya masika kwa mkopo. Halafu Injili ni Yohane Mbatizaji yuko gerezani anatuma wanafunzi wamuulize Yesu, "Wewe ndiwe yule ajaye, au tumtazamie mwingine?" Yaani yule yule aliyembatiza mtoni leo anauliza kama ndiye. Kijitabu kikasema kitu ambacho miaka yote nimesikia hiyo Injili sikuwahi kukiona: Yesu anajibu vipofu wanaona, viwete wanatembea, wenye ukoma wanatakaswa, viziwi wanasikia, wafu wanafufuliwa, maskini wanahubiriwa habari njema. Kwenye orodha hiyo wafungwa hawamo. Wakati Isaya 61 wafungwa wamo, na Yohane aliyajua maandiko, lazima alisikiliza hiyo orodha mpaka mwisho akingoja kusikia habari yake. Hakuisikia. Hakutoka gerezani, alikatwa kichwa humo humo. Na Yesu hakumkemea kwa kuuliza, akageuka akawaambia watu kwamba katika wazao wa wanawake hajatokea aliye mkuu kumpita huyu. Tafakari ikaishia hapo, hawakuongeza usikate tamaa. Nilikata uzi nikakaa.

Sasa niwaeleze kidogo kwa wasiojua masomo yanapangwaje, maana ndo inahusu lawama yangu inayofuata. Tuna mizunguko mitatu, Mwaka A Injili ya Matayo, B Marko, C Luka, Injili ya Yohane inaingia sana Kwaresima na Pasaka. Mpango huu ulitoka 1969 baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, kabla ya hapo masomo yalikuwa yale yale kila mwaka. Majilio na Kwaresima masomo yanachaguliwa yashikane, lakini Dominika za kawaida ni somo la kwanza tu ndo linachaguliwa lilingane na Injili, somo la pili linaenda zake, barua inasomwa mfululizo wiki hadi wiki. Kwa mfano mwaka huu toka 18 Januari mpaka 15 Februari ilikuwa Wakorintho wa Kwanza, Dominika tano. Mwandishi wa kijitabu hilo amelisahau, au analijua ila anaona aibu kuacha somo la pili peke yake, basi kila Dominika analazimisha, anavuta Paulo amshike mkono Matayo mpaka unasikia mshono unalia. Mimi ni fundi, kitambaa kisichotosha ukikivuta kitachanikia kwenye kwapa. Angesema tu wiki hii Paulo anaendelea na ugomvi wa Korintho, inatosha, na wale Wakorintho na makundi yao ya mimi wa Paulo mimi wa Apolo wangetufaa sana sisi kwenye parokia yenye kwaya mbili.

Tarehe 8 Februari ilikuwa tamu. Dominika ya tano, chumvi na nuru, na tarehe hiyo ndo kumbukumbu ya Mtakatifu Yosefina Bakhita, ingawa ikiangukia Dominika haiadhimishwi. Wakamleta kwenye tafakari. Bakhita alizaliwa Darfur kama 1869, akaibiwa akiwa mtoto, akauzwa na kuuzwa tena, Papa Benedikto XVI kwenye waraka wake wa matumaini wa 2007, Spe Salvi, anaandika kwamba alibaki na makovu 144 mwilini. Jina lake lenyewe la kuzaliwa alilisahau, Bakhita ni jina la utumwani, maana yake mwenye bahati, fikiria dhihaka hiyo. Mwishoni alipelekwa Italia, akakutana na masista Wakanosa, akabatizwa 9 Januari 1890, akawa sista, kafariki 8 Februari 1947. Kilichonifurahisha hawakumtumia kama mfano wa mtu aliyevumilia akapewa zawadi. Walikaa kwenye jambo moja, kwamba alizoea mabwana wa kumpiga, halafu akaja kusikia kuna Bwana juu ya mabwana wote na huyo mwenyewe alichapwa mijeledi. Papa anasema hapo ndo alipata tumaini, sio la kupata bwana mwenye huruma kidogo, ni la kujua kwamba yupo anayemjua na anamngoja. Wamama wa WAWATA, chama cha wanawake Wakatoliki, walinakili hiyo peji kwa simu zao.

Kwaresima ya Mwaka A ndo Kwaresima yenyewe, Injili zake ni mwanamke Msamaria, kipofu, Lazaro, na hapo kijitabu kiko vizuri karibu chote sitachambua kila kitu. Ila tarehe 8 Machi somo la pili ni Warumi 5, pale penye "tumaini halitahayarishi", ndo maneno Papa Fransisko aliyotumia kuita Jubilei. Kijana aliyesoma kanisani kwetu alijikwaa hapo mara tatu, hali-taha-halita, mpaka kwaya ikacheka. Kijitabu kina kaaya kazuri juu ya hilo neno, kwamba kutahayari ni kufedheheka mbele za watu, sio kudanganywa tu. Na kweli ndo inavyokuwa. Mdogo wangu kinachomuumiza sio kukosa hela pekee, ni harusi na misiba, watu wanamuuliza siku hizi uko wapi mwalimu. Kutahayari kwenyewe ndo huko. Nilimsomea hiyo aya, akasema sawa. Sawa tu.

Halafu Emau, 19 Aprili, Dominika ya tatu ya Pasaka. Hapa ndo nafikisha nyota zangu zote.

Wanafunzi wawili wanatembea kama kilomita 11 kutoka Yerusalemu, ni mwendo wa kutoka mjini kwetu mpaka umeshapita mashamba, wanamwambia mgeni wasiyemjua, kumbe ni Yesu mfufuka, "nasi tulikuwa tukitumaini". Kijitabu kikasema tusikimbilie kuumega mkate, pale wanapomtambua. Tukae kwanza kwenye hiyo tulikuwa. Mtu anayesema natumaini yuko sehemu moja, anayesema sina tumaini yuko sehemu nyingine, lakini anayesema nilikuwa natumaini huyo ana kumbukumbu, anajua lilikuwa na ladha gani. Na Yesu hakuwakatisha, aliuliza "mambo gani?" kama vile hajui, akawaacha waseme yote mpaka mwisho, habari ambayo yeye mwenyewe ndo ilimpata. Swali la jumuiya likawa: kuna jambo gani uliacha kuliombea?

Mjue maswali mengi ya hiki kijitabu ni ya ndiyo na hapana. Je, unamtumainia Mungu? Nani atasema hapana mbele ya majirani saa moja asubuhi. Wote tunasema ndiyo tunaenda nyumbani. Ila hili lilinyamazisha watu na sikutia neno, nikawaacha. Kuna bibi mmoja kwetu ana miaka sabini na kitu, huwa haongei, anakuja na mkeka wake anakaa karibu na mlango. Akasema, "Mimi mwanangu alienda Kusini 2011. Sijaacha kumwombea. Nimeacha kuomba arudi." Basi. Hakuna aliyemwambia usikate tamaa bibi, na ninawajua watu wangu, siku nyingine wangesema sita kwa pamoja. Mama mmoja akasogea akakaa kwenye mkeka wake. Tulikaa hivyo sijui dakika ngapi mpaka mwenyekiti akaanzisha wimbo, na wimbo wenyewe ulikuwa wa Majilio, tuko Pasaka, na hamna aliyemkatiza tukaimba mpaka beti ya mwisho.

Kwa hiyo mtu akiniuliza elfu sita ilirudi, ilirudi siku hiyo.

Odio nazo. Padri ana sauti nzuri, haigizi, anaongea kama mtu anayekufuata nyumbani. Zile za dakika saba nane ni dhahabu. Papa Fransisko tarehe 12 Juni 2024 alisema homilia (mahubiri ya misa) isizidi dakika nane maana watu wanasinzia na wana haki ya kusinzia, nadhani padri wetu taarifa hiyo ilimfikia nusu, kuna wiki anatuma saba na kuna wiki anatuma ishirini na tatu, ya Dominika ya Matawi ilikuwa thelathini na moja nikaishiwa bando katikati ya Pilato. Ila ya Emau ilikuwa dakika tisa, niliisikiliza Ijumaa usiku nikipiga pasi sare za shule simu iko juu ya meza kwa sauti, mdogo wangu anahesabu vifungo. Ilipoisha akauliza, "Huyo padri yuko wapi?" Nikasema sijui, yuko kwenye grupu. Akasema irudie. Nikairudia. Bado haendi misa, nisije nikawadanganya.

Grupu lenyewe ni soko. Asubuhi maua na vikombe vya chai vinavyong'aa, mchana mkopo wa haraka bila dhamana, jioni mtu anauza vifaranga, halafu katikati ya vifaranga unatafuta tafakari. Admini alikuja kulifunga mwezi wa tatu, sasa anatuma yeye tu na kuna amani, ila walioingia mwanzoni wengi walishatoka. Ukijiunga leo utakuta pazuri kuliko nilivyopakuta mimi.

Makosa ya uchapaji hayavumiliki kwa bei hii. Dominika ya Mchungaji Mwema, 26 Aprili, zaburi ni ya 23, wao wameandika 32. Zaburi ambayo hata mtoto wa komunyo ya kwanza anaijua kwa kichwa! Jumuiyani nusu wakafungua 23 kwa mazoea, nusu wakafuata kijitabu, msomaji wetu akaanza "Heri aliyesamehewa dhambi" wakati wengine wako majani mabichi, tukacheka sana lakini aibu ni yao. Maandishi pia madogo, wazee wanasogeza kitabu mpaka puani halafu wanakirudisha mbali kama wanapiga trombone. Na gundi! Kufika Jumatano ya Majivu peji za Januari zilikuwa zinatoka moja moja, zangu nimezishona kwa uzi wa jinsi, cherehani ilizipitia bila shida ila sio wote wana cherehani.

Nani anunue: kama unaongoza jumuiya, nunua, ila maswali ya ndiyo na hapana yabadilishe mwenyewe usiku wa Ijumaa. Kama unasoma peke yako na una bando, tafakari za Dominika za Kiswahili za Vatican News zipo bure, ni ndefu zaidi na zina elimu zaidi, mi huwa nazipitia kuhakikisha nisije nikafundisha upotofu, ila hazina swali la jumuiya na kwa mtu wa haraka zinachosha. Katekista wa kigangoni mwenye Biblia moja na simu ya tochi huyu ndo hasa kijitabu kinamfaa, na kwa bahati mbaya ndo huyo elfu sita inamuuma, maparokia yangefikiria kuwanunulia.

Nyota tatu na nusu. Ingekuwa nne na nusu kama wangevua lile koti la Ulaya na kumwachia Paulo aende zake.

Mwaka B unaanza 29 Novemba, Injili ya Marko, mwenye duka la parokia kaniambia watatoa kingine na bei inaweza kupanda mpaka elfu nane. Nimeshamwambia aniwekee viwili, kimoja cha mdogo wangu akitaka, asipotaka ntampa bibi wa mkeka mjukuu wake amsomee. Na namba ya wachapaji nimeipata, nimewatumia ujumbe kuhusu zaburi, maandishi na gundi, wamejibu "Amina, ubarikiwe." Gundi hawajaisema.